Bakapu jana dakika 50, leo masaa sita: kabla hujapiga simu, angalia imetoka replika ipi

Wiki hizi simu za kitengo chetu cha TEHAMA hapa Kigoma hazipumziki, na nyingi ni lalamiko lilelile: jana bakapu (nakala ya akiba ya data) imechukua dakika 50, leo masaa sita, hivi seva haijaingiwa na virusi? Hapana jamani. Kila kitu kikienda taratibu mnasema virusi.

Tunaandika sasa kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibika, na bakapu ambayo mwenyewe hujui itaisha saa ngapi ni ngumu kuitetea mbele ya mkaguzi.

Sasa, databesi ikiwa na replika tatu (nakala hai kwenye seva nyingine, zinazofuata kila badiliko la seva kuu), kuna programu za bakapu zinazojichagulia zenyewe replika ya kuchukulia. Leo imeangukia kwenye yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kesho kwenye ile ya diski za kuzunguka ambayo ndo hiyohiyo mnaikamulia ripoti za mwisho wa mwezi, alafu mnashangaa muda haulingani. Utalinganaje? Ukishajua replika, gawa muda vipande: kusubiri, kusoma, kubana, kusafirisha. Hapo kwenye kusafirisha piga hesabu kabla ya kulaumu databesi, maana GB 500 kwenye laini ya Mbps 100, hata ukiwa nayo peke yako, ni zaidi ya masaa 11.

Kuna ofisi moja Ujiji, siitaji, tulikaa nayo siku nzima. Kijana alipanga kazi kwenye kron (programu ya kuendesha kazi kwa ratiba) akaandika 2, yeye akimaanisha saa mbili usiku. Kompyuta inaisoma hiyo kama saa nane usiku, na seva yenyewe ilikuwa kwenye majira ya UTC, masaa matatu nyuma yetu, kwahiyo bakapu ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri! Siku ya data chache inaisha watu hawajafika, siku ya data nyingi inakutana na foleni ya dirishani saa mbili asubuhi, diski inagombaniwa, kipande cha mwisho kinatambaa. Tena kwenye seva ya kuhifadhia bakapu kuna taa ya njano inawaka, wameibandika selotepu eti inaumiza macho. Kumbe ni betri ya kadi ya RAID, ile inayoendesha diski kadhaa kwa pamoja, imekufa. Betri ikifa, kadi nyingi zinaacha kuandikia kwenye keshi (kumbukumbu yake ya haraka), kila andiko linasubiri diski yenyewe.

Wa PostgreSQL (programu ya databesi) mnaodampu, yaani mnaotoa data yote kwenye faili, kutoka standby (replika inayofuata seva kuu), hili ni lenu. Kwa mpangilio wa kawaida standby inavumilia sekunde 30 tu pale hoja yako (query, ombi la kusoma data) inapogongana na mabadiliko yanayotoka seva kuu, kisha inaikata. Skripti yako inaanza upya kimyakimya, wewe unahesabu majaribio matatu kama bakapu moja. Ukiwasha hot_standby_feedback (standby inaiambia seva kuu safu ambazo bado inazihitaji) utapona sehemu kubwa, ila seva kuu itabeba mizoga ya safu zilizofutwa mpaka dampu iishe, so angalia nafasi ya diski.

Na wale wa "tuna replika tatu, bakapu ya nini": ukifuta jedwali kwa bahati mbaya kwenye seva kuu, replika nazo zinafuta, mara nyingi ndani ya sekunde. Nimeshachoka kulisema hili.

Utaratibu ni huu. Daftari la bakapu liwe na tarehe, jina la replika, muda wa kuanza na kuisha kwa saa za Afrika Mashariki, ukubwa, na sahihi ya aliyehakiki, kila siku, siyo kujaziwa kwa mkupuo Ijumaa. Usifute bakapu za zamani kiholela kupata nafasi kisa mkaguzi anakuja: anayefuta au kuharibu taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya laki moja hadi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili, na hapo hatuna uwezo wa kukuombea. Ukikwama tuletee logi (faili la matukio ya seva), tutaisoma bila kukulaumu, ila iwe nzima, siyo picha ya skrini ya WhatsApp iliyokatwa palepale kwenye jina la seva.