Usahihi si wingi wa vitu

Modeli, yaani mfano mdogo, ya boti ya kivita ikionyeshwa, hakosi mtu wa kusema: "Hii ni sahihi kabisa, tazama ilivyojaa vitu!" Nimelisikia neno hilo "sahihi" likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na naona linaonewa.

Usahihi wa kihistoria ni modeli kulingana na chombo fulani, jinsi kilivyokuwa wakati fulani. Basi. Vitu vingi vidogo vidogo vilivyotengenezwa kwa ustadi ni jambo jingine, nalo jina lake ni undani.

Sahihi ni neno la Kiarabu, la mzizi uleule uliotupa siha: kitu kizima, kisicho na ugonjwa. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wakalitwika mzigo mzito zaidi. Kwao hadithi haiwi sahihi kwa kusimuliwa kirefu au kwa ufasaha. Huwa sahihi kwa kuwa mlolongo wa wapokezi wake umeungana na kila mmoja wao anaaminika. Kiswahili nacho kinaita sahihi lile jina unalotia chini ya barua ili ijulikane kuwa ni yako kweli. Kote humo neno linadai ushahidi. Undani umetoka kwenye "ndani" tu, wala haudai chochote. Hata uongo unaweza kuwa na undani.

Chukua PT-109, boti ya Marekani ya kurushia topido (makombora yanayopita majini), aliyoiongoza John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais. Iliundwa na kampuni ya Elco, urefu wake futi 80, yaani mita 24 na ushei. Kwa skeli ya 1:72, yaani ikipunguzwa mara 72, inatoka sentimita 34 hivi. Niliwahi kuinamia modeli yake moja yenye mistari ya ribiti (misumari ya kuunganishia mabamba ya chuma) ubavuni, kila kichwa cha ribiti kidogo kuliko punje ya mchanga, na mstari haukupinda popote. Mkono ulioifanya kazi ile naustahi mpaka leo. Lakini boti hizo za Elco zilikuwa za mbao: matabaka mawili ya mahogani, katikati yake turubai lililolowekwa gundi. Bamba la chuma la kupigwa ribiti ubavuni halikuwepo. Juu ya modeli ile ulisimama mlingoti wa rada, na PT-109 haikuwa na rada. Topido nazo zililala wazi kwenye vishikilio vyepesi, ilhali PT-109 ilibeba topido za aina ya Mark 8 ndani ya mirija minne. Vishikilio vile, pamoja na topido za Mark 13, vilienea kwenye boti za baadaye.

Hata aliyeyakwepa hayo yote bado anadaiwa tarehe, na hapa ndipo penye utamu. Muda mfupi kabla ya safari ya mwisho, mabaharia waliufunga mzinga wa milimita 37, wa kupigia vifaru, kwenye sitaha ya omo, yaani ya mbele, na ili kupata nafasi wakakiondoa chelezo cha kujiokolea kilichokuwa hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, katika Visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iitwayo Amagiri iliigonga boti hiyo na kuikata. Kwa hiyo modeli yenye chelezo omoni yaweza kuwa sahihi kwa majuma ya kabla, na ikawa kosa kwa usiku ule. Boti ni ileile, namba ileile, na zimepita siku chache tu.

Ndiyo maana nikiambiwa modeli ni sahihi, huuliza kwanza: ya siku gani, na picha ipi inaonyesha hivyo? Aliyekwisha kuweka rada na vile vishikilio hana haja ya kuving'oa kwa uchungu. Abandue namba 109, atafute picha yenye tarehe ya boti ya Elco iliyokuwa navyo, aibandike namba yake. Zile ribiti tu ndizo zitakazohitaji msasa.