Urithi wa makazi baada ya mashindano ni nini, na Arusha imuulize nani?

Tangu CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipotangaza Septemba 2023 kwamba AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, mazungumzo ya Arusha yamekuwa ya uwanja: ule wa watazamaji 30,000 unaojengwa kata ya Olmoti. Ni sawa, uwanja ni jambo kubwa. Lakini kuna jambo lingine ambalo miji mingi iliyobeba mashindano imeligundua kwa kuchelewa, nalo ni urithi wa makazi. Maana yake ni hali ya nyumba, ardhi na kodi za pango ambayo mashindano yanauachia mji baada ya wageni kuondoka: nani amepata nyumba, nani amehamishwa, na aliyebaki analipa shilingi ngapi kulala pale pale alipokuwa akilala.

Wengi wakisikia hivyo hufikiria maghorofa mapya. Fikra hiyo inatokana na Olimpiki, ambako mji mwenyeji hujenga kijiji cha wanamichezo, kisha nyumba zake huuzwa au kupangishwa. Kwa michezo ya 2012 London ilijenga nyumba 2,818 eneo la Stratford, panapoitwa East Village leo, na karibu nusu zikatengwa kuwa za bei nafuu. Ukilinganisha na miji mingine, hilo ni la kupongezwa. Ila hesabu ina upande wa pili. Wakazi zaidi ya 400 wa Clays Lane, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za ushirika, walihamishwa mwaka 2007 kupisha maandalizi. Na baadhi ya hizo nyumba za bei nafuu kodi yake ilipangwa kwa kufuata soko, hivyo mwenye kipato kidogo hakuzifikia. Baadaye zikaonekana kasoro za usalama wa moto kwenye majengo, ukazuka ubishi wa nani alipie matengenezo. Uamuzi wa baraza la kisheria, kwamba gharama zibebwe na kampuni iliyoendeleza mradi pamoja na kampuni inayohusiana nayo, ulitoka Januari 2024. Watoto waliozaliwa mwaka wa michezo walikuwa wameshafika umri wa miaka kumi na moja hivi.

Ndiyo maana urithi wa makazi hautenganishwi na uwajibikaji. Uwajibikaji kwa umma, katika jambo hili, ni ahadi kuwa na mwenyewe, kiasi, tarehe, na mahali ambapo mwananchi anaweza kwenda kuidai. Ahadi ya jukwaani isiyo na hivyo vitu haimfungi mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi, Afrika Kusini. Makazi ya Joe Slovo yako Langa, Cape Town, kando ya barabara kuu ya N2 inayotoka uwanja wa ndege. Miaka ya kuelekea Kombe la Dunia la 2010, serikali ilitaka kuwaondoa watu wapatao 20,000 ili kujenga nyumba mpya. Wakazi walipigana kesi hadi Mahakama ya Katiba. Juni 2009 mahakama iliruhusu wahamishwe, lakini ikaandika sharti: asilimia 70 ya nyumba za gharama nafuu zitakazojengwa pale wapewe wao. Serikali haikutekeleza uhamishaji kwa namna ile, na mwaka 2011 mahakama ikaifuta amri yake. Watu wakabaki. Angalia walichokuwa nacho mkononi: namba iliyoandikwa kwenye hukumu, ambayo yeyote angeweza kuishika na kuuliza imefikiwa au la.

Sasa turudi Arusha. Kwenye AFCON timu kwa kawaida hulala hotelini, ingawa Ivory Coast walijenga pia makazi ya timu katika baadhi ya miji yao kwa mashindano yaliyofanyika mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo urithi wetu hautakuwa hasa maghorofa ya kugawana. Utaonekana kwenye ardhi na kwenye kodi za pango.

Kodi tunaijua. Mahakama ya ICTR, ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilipokuwa hapa, kuanzia 1995 hadi 2015, nyumba za Njiro na kwingineko zilipangishwa kwa dola, na mtumishi wa kawaida akasogea pembeni ya mji. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo mwenye nyumba akiona fursa hakuna ukomo unaomzuia kupandisha. Mpangaji anayelipa miezi sita kwa mkupuo ataambiwa tu kwamba mkataba ukiisha bei ni nyingine, au nyumba inataka wageni wa muda mfupi. Simlaumu mwenye nyumba kwa kutaka kipato. Ninachosema ni kwamba mtu huyu atahama bila karatasi hata moja kuonyesha kwamba mashindano yamemhamisha.

Mwenye ardhi angalau ana karatasi. Eneo likitwaliwa kwa barabara au mradi wowote, mthamini anakuja na mwenyekiti wa mtaa, anapima nyumba, anahesabu migomba na miparachichi, na mwenye eneo anapigwa picha mbele ya mlango akiwa ameshika kibao chenye namba yake. Sheria ya ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inaongezwa riba, na uthamini wenyewe unakufa baada ya miaka miwili. Ukiwa na kibao na tarehe, una pa kuanzia kudai. Mpangaji wa chumba cha uani kwenye nyumba hiyo hiyo mara nyingi hayumo kwenye picha wala kwenye daftari.

Vyombo vya kuuliza vipo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kwa ibara ya 143 ya Katiba, hukagua fedha za serikali na ripoti yake hufika bungeni kila mwaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi majibu ndani ya siku 30 akiomba kwa maandishi. Lakini ukaguzi wa fedha hautaonyesha mpangaji alikwenda wapi kama hakuna aliyemwandika. Swali la kupeleka kwenye mikutano ya mitaa ya Olmoti, Muriet na Moshono kabla ya 2027 ni dogo na linajibika: nani katika halmashauri anaandika kodi za vyumba na majina ya wapangaji wanaohama, kuanzia lini, na daftari hilo litabandikwa ubao gani?