Shilingi 27,000 zilizonilia asubuhi nzima

Jumanne iliyopita nilimaliza asubuhi nzima nikitafuta shilingi 27,000. Hazikuwa zimeibwa, wala hazikuwa zangu. Daftari la mteja wangu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, lilikataa kulingana na taarifa ya benki, na kila nilipojumlisha tofauti ilikuwa ileile.

Sisi wahasibu tuna ujanja wa zamani kwa mambo kama haya. Ukipata tofauti, igawe kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shuku kwamba kuna mahali tarakimu mbili zimepishana: umeona 54 ukaandika 45, umeona 91 ukaandika 19. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayozaliwa lazima igawanyike kwa tisa. Sasa 27,000 ukiigawa kwa tisa unapata 3,000 kamili, na hiyo 3,000 nayo inasema kitu: tarakimu zilizopishana zinazidiana kwa tatu, na ziko kwenye makumi elfu na maelfu. Ukishajua hayo, unapitisha jicho kwenye safu moja tu. Ilinichukua kama dakika kumi kulipata: malipo ya 863,000 niliyoyaingiza kama 836,000.

Aibu ni kwamba ujanja huo nilikuja kuukumbuka saa tano na nusu. Tangu saa mbili nilikuwa nikijumlisha upya tu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uleule aliokwisha kuupekua.

Kilichonifanya niandike haya si kosa lenyewe, ni mahali lilipokuwa. Taarifa ya benki huwa naichapa kwenye karatasi na kutia alama ya vema kila mstari ninaoingiza. Kwenye ukurasa ule, vema za kalamu ya bluu zinaishia kwenye mstari wa ile 863,000. Kuanzia mstari unaofuata ni kalamu nyekundu. Maana yake pale ndipo niliponyanyuka Ijumaa, na Jumatatu nikarudi na kalamu nyingine. Nikakumbuka: simu iliita, nikaibana kwa bega, nikawa naitikia salamu huku namalizia mstari "ili nisiuache njiani".

Tangu siku hiyo nimerudi kuchungulia makosa yangu ya miezi michache, na mengi yamekaa pembeni ya mshono wa namna hiyo, pale nilipoikatiza kazi na kuirudia. Katikati ya kazi ni machache sana. Kwa hiyo wanaponiuliza vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu, kwamba wafanyeje wasivurugwe na simu, huwa nawaambia swali lao limekaa upande. Utavurugwa. Una watoto, una wateja, una umeme unaokatika. Jifunze kuondoka kwenye kazi vizuri, na kurudi vizuri.

Kuna mtafiti wa mambo ya kazini, Sophie Leroy, aliyelieleza hili mwaka 2009. Alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kufunga ile ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile kazi mpya anaifanya kwa akili pungufu. Mwaka 2018, pamoja na Theresa Glomb, akaonyesha dawa ambayo ni rahisi mno: kabla ya kuondoka, andika kwa ufupi ulipofikia na utakachofanya ukirudi. Kufanya hivyo kunapunguza yale mabaki.

Mimi natumia karatasi ndogo za manjano zenye gundi. Naandika vitu vitatu: mstari niliofikia, jumla mpaka hapo, na swali lililokuwa kichwani. Hilo la tatu ndilo lenye thamani. Mstari unaweza kuuona mwenyewe ukirudi, jumla kompyuta inakupa, lakini lile wazo la "mbona muuzaji huyu kalipwa mara mbili ndani ya wiki moja?" likishapotea limepotea. Inachukua nusu dakika. Ijumaa ile sikuiandika kwa sababu nilijiona nina haraka.

Lakini nusu dakika hiyo unaipataje mbele ya mtu? Huku kwetu huwezi kumwinulia mkono mtu mzima eti asubiri. Nina mteja, mama wa vitenge wa Kariakoo, anayeingia bila miadi na neno lake ni lilelile, "Mwanangu, sikucheleweshi, nina dakika moja tu." Dakika yake ina habari za wajukuu ndani. Zamani nilikuwa namjibu macho yakiwa kwenye skrini, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi, siyo kusubiri. Siku hizi namwangalia usoni, "Shikamoo mama, karibu kiti, nafunga mstari huu nije." Anaketi, anaagiza chai, wala hana neno. Nami naandika karatasi yangu, nageuza kiti, nasikiliza habari za wajukuu nikiwa mzima.

Wengi hunitajia mbinu ya Mwitalia Francesco Cirillo, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: fanya kazi dakika 25, pumzika tano. Kwa anayeandika au anayesoma nadhani inafaa. Kwangu inakata vibaya. Kengele inalia nikiwa katikati ya ukurasa, yaani inanitengenezea mshono mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuwa na mshono. Nimeachana nayo, napima kwa ukurasa. Ukurasa mmoja wa taarifa ya benki, jumla yake ikubali, ndipo nasimama kunywa maji. Mwingine unachukua dakika kumi na tano, mwingine saa nzima.

Kuhusu wiki, mhasibu hatawaliwi na Jumatatu, anatawaliwa na tarehe. Kwa Tanzania Bara, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) za mwezi uliopita zinadaiwa ifikapo tarehe 7, ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Wiki iliyo katikati, kuanzia tarehe 8 hivi, ndiyo ya kuchapa kazi ngumu, nayo ndiyo watu huilegeza kwa kuwa hakuna anayewafukuza. Ndani ya wiki hiyo, Jumatatu asubuhi siigusi taarifa ya benki, kwa sababu wateja wote huamka wakiwa wamekumbuka kitu. Napokea, nagawa, naitikia simu. Jumanne na Jumatano, saa mbili mpaka saa tano, ndizo saa zangu, na simu inalala kwenye droo ya mwenzangu. Kwenye droo yangu nitaifuata.

Mchana ni habari nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano, na nashangaa wanaojisifu kwamba wamekula wali maharage juu ya kibodi. Baada ya kula, kati ya saa nane na saa tisa, mimi si mtu wa kuaminiwa na tarakimu. Saa hiyo natoa kopi za risiti za EFD, zile mashine za kielektroniki za kodi. Zile karatasi huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, hasa zikikaa kwenye gari au karibu na dirisha, na siku ya ukaguzi hakuna atakayekubali kipande cheupe. Ni kazi ya lazima isiyotaka akili, na mtu aliyeshiba anaiweza.

Ijumaa watu wanawahi swala, mchana unakuwa mfupi. Hapo nilipokosea ndipo nimeweka kanuni mpya: saa tisa kamili sianzi ukurasa mwingine wowote. Nafunga nilionao, naandika karatasi ya manjano ya Jumatatu, na kalamu naiacha juu yake, ileile ya bluu.

Tarehe 19 haimo katika maelezo haya. Siku hiyo nafanya kazi kama kila mtu, mlango umefungwa, simu tatu zinaita, na mama wa vitenge yupo nje na mfuko wa risiti za mwezi mzima.