Mashine yako haijafa, imeshiba povu

Jumamosi iliyopita niliitwa Ujiji. Simu alipiga kijana, lakini nyuma yake nilimsikia mama yake akisema kwa sauti, "Mwambie aje na mota mpya kabisa, hii imeungua." Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanipeleka uani. Mashine ya kufulia imesimama katikati ya dimbwi jeupe kama tui. Povu limetoka kwenye droo ya sabuni, limeteremka ubavuni mpaka sakafuni, na kwenye kioo kumeandikwa OE.

Nikamuuliza amefulia sabuni gani. Akaniletea mche uliobaki nusu na kisu cha jikoni. "Nimeikwangua hii. Hizo zenu za unga hazitakatishi."

Mota ilikuwa nzima. Nilichobadilisha pale ni kipimo cha sabuni tu, nikaondoka na nauli yangu na migebuka miwili ya kukaanga, siyo haba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mashine nyingi ninazoitiwa hapa Kigoma kwamba zimekufa hazina kilichoungua. Zimelishwa povu. Na sisi watu wa huku tuna sababu ya kulipenda povu, maana tumekulia kwenye sabuni ya mise. Kwa msiokuwa wa huku: mawese hutoka kwenye nyama ya tunda la mchikichi, mise hutoka kwenye kokwa lake. Sabuni yenye mise inatoa povu jingi, tena haraka. Ukifua kwa mikono povu hilo lina faida, linakuonyesha sabuni imefika wapi na kama bado ipo. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakiona povu limekata wanaongeza sabuni.

Ndani ya mashine mambo ni kinyume. Mashine ya mlango wa mbele inafua kwa kuzinyanyua nguo na kuzibwaga. Zikibwagwa kwenye maji zinapigika, zikibwagwa kwenye povu ni kama zimeangukia godoro. Pampu ya kutolea maji nayo haiwezi kusukuma povu, inazunguka bure. Mashine inangoja tangi liwe tupu, inachoka, inaandika OE kama ni LG, au 5E au 5C kama ni Samsung. Kuna na kimpira chembamba kinachopima kina cha maji kwa hewa iliyobanwa ndani yake. Povu likipanda humo, mashine inadanganyika kabisa: inadhani ina maji kumbe haina, au inadhani haina kumbe imejaa.

Halafu ongeza maji yetu. Ziwa Tanganyika huwezi kuonja chumvi yake, lakini maji yake yana madini, hasa magnesiamu, ambayo humo ni nyingi kuliko kalsiamu. Sabuni ya mche ikikutana na magnesiamu inaganda, unapata ule utando mweupe unaonata kwenye kingo za beseni. Beseni utalisugua. Utando ulioshika nyuma ya tangi la mashine utausugua na nini? Unakaa pale, unakusanya jasho na mafuta ya miili yetu, unaota ukungu, na baada ya miezi michache mashuka yanatoka yananuka kitambaa cha kudekia. Nyeupe zinaingia ukijivu, khanga nyeusi zinatoka na mistari kama zimepakwa chokaa. Mwenye nyumba anasema nguo hazijatakata, anaongeza sabuni. Tatizo linalishwa dawa iliyolileta.

Kwa hiyo mche ubaki kwenye beseni. Kwenye mashine tia sabuni ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa mashine, ambayo povu lake limepunguzwa na haigandi na madini kama mche. Mzigo wa kilo 6 au 7 wenye uchafu wa kawaida mimi naanza na vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Kisha naangalia kwenye kioo cha mlango wakati wa suuza ya mwisho. Kama bado kuna povu, safari ijayo napunguza. Ukitaka kujua mashine yako inadaiwa kiasi gani, weka taulo safi, usitie sabuni hata chembe, washa maji ya moto. Povu litakaloonekana ni la zamani, na mara ya kwanza wengi hushtuka. Rudia hivyo mpaka maji yawe matupu.

Povu likishafurika, usiendelee kumimina maji. Tia nusu glasi ya siki kwenye droo, subiri dakika chache, kisha chagua kusuuza na kukamua. Ila siki na jiki visikutane hata siku moja, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaharibu mapafu.

Sasa mawese. Hili nalipenda kwa sababu mafundi wa kwingine hawaulizwi. Yule mama alikuwa na kanzu ya mwanawe, nyeupe, ina doa la rangi ya chungwa kifuani, imepita kwenye mashine mara tatu. Mawese kwenye joto la kawaida yameganda nusu, yanayeyuka yote yakikaribia nyuzi 40. Ukifua kwa maji baridi unazungusha nguo yenye mafuta yaliyoganda, na ukiitoa ukaipiga pasi umelipika doa likae. Fanya hivi: kwangua kwa mgongo wa kisu, kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa nguo ikiwa kavu, kabla haijaguswa na maji. Sugua kwa kidole mpaka uone rangi inaanza kutembea, iache robo saa, fua kwa nyuzi 40. Mafuta yatatoka, lakini kivuli cha rangi huenda kikabaki. Usipaniki. Rangi ile ni karotini, na karotini haistahimili jua. Anika nguo mbichi, doa likitazama juu, uisubiri. Nilimwanikia ile kanzu saa nne asubuhi, na wakati namaliza kufunga mashine ilibidi uambiwe doa lilikuwa wapi. Jiki ingeitoa pia, ila kwenye khanga na vitenge ingetoa doa pamoja na maua.

Malalamiko mengine ya kila wiki: "Maji hayaingii." Kabla ya kunipigia, funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, utaona kichujio kidogo cha wavu. Kivute taratibu kwa koleo. Mara nyingi kimejaa mchanga na vipande vya kutu, kipige mswaki ukirudishe. Kama kilikuwa safi, tazama tenki lako liko juu kiasi gani. Mita 10 za kimo ndizo zinakupa presha ya takriban baa 1, na vitabu vya mashine nyingi vinataka angalau kati ya nusu baa na baa 1. Wewe tenki lako liko kwenye kichanja cha mita 2. Mashine inachuruzikiwa, inangoja, muda unaisha, inaandika IE kama ni LG. Wa Mwanga ya hapa Kigoma mlioko mlimani mna bahati, tenki linaweza kukaa upande wa juu wa kiwanja na mashine chini. Wengine nunueni pampu ndogo ya kusukumia, au mjaze kwa ndoo kupitia droo ya sabuni, polepole. Mashine za kufungua juu hazina shida hiyo, mimina tu.

Umeme: mashine za matangi mawili zikiunguruma bila kuzunguka, watu wanasema mota. Mimi natoa mita ya umeme kwanza, napima soketi. Nguvu ya mota za aina hii inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo umeme ukishuka kutoka 230 hadi 160, nguvu ya kuzungusha inabaki chini kidogo ya nusu. Kwa mzigo wa majinzi hiyo haitoshi. Umeme ukiwa mzuri na bado inaunguruma, chomoa waya ukutani, zungusha sahani ya chini kwa mkono. Ikizunguka laini, basi mara nyingi iliyochoka ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, na bei yake ni ndogo sana kuliko mota. Usiifungue mwenyewe lakini, inaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Kama haizunguki kwa mkono, kuna kitu kimebana chini ya sahani, mara nyingi soksi ya mtoto. Na kwa kuwa nyingi ziko wazi upande wa chini, panya huingia wakatafuna waya. Weka wavu.

Kutikisika na kutembea sakafuni, nitasema kwa ufupi. Mashine mpya ya mlango wa mbele inakuja na bolti za kusafirishia nyuma, kwa kawaida 4, zinazoshikilia tangi. Lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Niliwahi kuikuta moja imefanya kazi miezi minne na bolti zake zote, mwenyewe kaifunga kwa kamba kwenye nguzo ya dirisha. Kama bolti zilitolewa, sawazisha miguu, na usifue blanketi peke yake.

Na chujio la pampu, kile kifuniko cha chini upande wa mbele: fungua kila mwezi. Tandika beseni bapa kwanza, maji yatamwagika. Ujiji humo ninatoa pini nyingi za mtandio kuliko sarafu. Moja tu ikipenya ikashika panga la pampu, utasikia sauti kama ya njugu kwenye kopo.

Jumatatu yule mama alinipigia mwenyewe. Nguo zimetakata, kanzu imevaliwa, mashine haijaandika kitu. Ila alikuwa na jambo linamkera. Amekaa mbele ya kioo mzunguko mzima, hajaona povu.

"Sasa mwanangu, nitajuaje kama sabuni imeingia?"

Nikamwambia avute droo. Kimya kidogo, nikasikia ikivutwa.

"Tupu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaridhika.