Umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) kwenye raki ya mtandao: dhana potofu na ukweli

Dhana: Volti 48 hazidhuru, unga tu hata kama umeme upo.

Kweli, kwenye ngozi kavu mara nyingi hutasikia kitu. Hatari iko kwenye ampea. Nyuma ya nyaya hizo kuna betri zinazoweza kumwaga maelfu ya ampea mara tu spana inapogusa pande mbili. Tena katika mfumo wa -48 V upande chanya umeungwa na ardhi, kwa hiyo chasi na raki nzima ni upande mmoja wa betri. Pete ikigusa terminali ya -48 V na ukingo wa raki kwa pamoja, huo ni mshoti kamili, na pete iko kidoleni. Vua pete na saa, tumia spana zenye mpini uliofunikwa plastiki, zima breka, ifunge kwa kufuli, kisha pima.

Dhana: Nikizima swichi ya mashine, terminali hazina umeme.

Zinao, hadi breka ya chanzo izimwe. Mashine yenye laini mbili za umeme, A na B, inahitaji breka zote mbili zizimwe.

Dhana: Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, basi.

Rangi hutegemea nchi na fundi aliyetangulia, na wakati mwingine hutegemea waya uliobaki stoo. Hapa anayeaminika ni multimita. Nyaya zikiwa bado hazijaungwa kwenye mashine, fundi mmoja arudishe breka kwa ajili ya kipimo tu. Weka ncha nyeusi kwenye baa ya ardhi na nyekundu kwenye waya. Unaosoma karibu na -54 ndio wa -48 V. Unaosoma karibu na sifuri ni RTN, yaani waya wa kurudi, upande chanya. Usishtuke kuona 54: seli 24 za asidi na risasi zikishikiliwa kwenye chaji ya takriban volti 2.25 kila moja hufika hapo. Ukisoma +54, simama, huo ni mfumo mwingine. Mashine zenye kinga dhidi ya nyaya kugeuzwa zitakataa tu kuwaka. Nyingine zitakata fyuzi au kuunguza bodi.

Zima breka tena ndipo uunge: waya wa ardhi kwanza, kisha RTN, mwisho -48 V. Kufungua ni kinyume chake.

Dhana: RTN na ardhi ni kitu kimoja, ziunganishe nyuma ya mashine.

Huunganishwa mahali pamoja, kwenye chanzo. Ukiziunganisha tena kwenye raki, sehemu ya mkondo wa kazi itarudi kupitia chasi na ngao za nyaya za data, na viungo ambavyo havikukusudiwa kubeba mzigo vitapata moto. Fanya hivyo tu pale mwongozo wa mashine unapotaka.

Dhana: Breka ya AC yenye ampea sawa inatosha.

Mkondo wa AC hupita sifuri mara 100 au 120 kwa sekunde, na hilo husaidia kuzima mwali ndani ya breka. DC haina sifuri hiyo. Mwali unaweza kuendelea hadi breka iungue. Tafuta iliyoandikwa volti za DC, na kama ina alama za + na −, zifuate.

Dhana: Waya unaobeba ampea hizo bila kupata moto unafaa.

Piga hesabu ya volti zinazopotea pia. Mashine ya wati 750 hula ampea 14 hivi kwa volti 54, lakini betri zikishuka hadi 42 itavuta karibu 18. Umbali wa mita 20 ni mita 40 za shaba, kwenda na kurudi: waya wa mm² 6 utapoteza zaidi ya volti 2, ule wa mm² 16 chini ya volti 1. Mashine nyingi hukomea volti 40 hivi, kwa hiyo volti hizo 2 ndizo zinazoizima mapema. Na usitie risasi ya kulehemu kwenye ncha ya waya unaobanwa kwa skrubu. Risasi hulegea taratibu chini ya shinikizo, kiungo hupata moto. Tumia lagi (kifuniko cha chuma cha ncha ya waya) iliyobanwa kwa koleo lake, kaza kwa kipimo cha mwongozo.

Dhana: Laini mbili hugawana mzigo, kila moja ibebe nusu.

Breka za ampea 20 zenye ampea 14 kila upande huonekana salama. A ikikatika, B hupokea 28, nayo huruka, na raki nzima hulala. Kila laini iweze kubeba mzigo wote peke yake. Kabla ya kukabidhi kazi, zima A makusudi, hakikisha mashine zimebaki hewani, irudishe, kisha fanya vivyo hivyo kwa B.