Je, wajua kwa nini Achilles ana "miguu yenye kasi" hata akiwa ameketi?

Katika kitabu cha kwanza cha Iliadi, utendi wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troya, shujaa Achilles amegombana na mkuu wa jeshi lao, Agamemnon, na kususia vita. Ameketi kando ya merikebu zake, hasira imemjaa. Hapo hapo Homer anamwita "Achilles mwenye miguu yenye kasi", na merikebu zenyewe, zilizovutwa nchi kavu, anaziita "ziendazo mbio". Katika kitabu cha 15, mapigano yakiendelea mchana, mzee Nestor anaomba dua akiinua mikono kuelekea "mbingu yenye nyota".

Wanaoshindanisha tendi za kale na za zama za kati, ili kuamua zipi zilitungwa kwa ustadi zaidi, hukwama hapa. Wapo wanaosema Homer alikuwa mzembe, na kwamba washairi waliokuja baadaye walichagua maneno yao kwa uangalifu zaidi. Wengine hutafuta siri katika kila sifa: kwamba kasi ya miguu inatajwa ili tumwonee uchungu mkimbiaji aliyejifungia. Hukumu zote mbili zinamchukulia Homer kama mtu aliyekaa mezani na kalamu, mwenye muda wa kufuta na kuandika upya.

Msomaji wa tenzi ana pa kuanzia. Anajua kwamba kipande cha utenzi kina mizani 8, na kwamba mshairi hana uhuru wa kuongeza ya 9. Mshororo wa Homer una sheria ngumu zaidi: umegawanyika katika sehemu fupi sita, na kinachopimwa ni mpangilio wa silabi nzito na nyepesi. Sasa tazama jina la Achilles linavyokaa mwishoni mwa mshororo. Nafasi ikibaki ya silabi 5, Homer husema "dios Achilleus", Achilles mtukufu. Ikibaki ya 7, "podas okus Achilleus", mwenye miguu yenye kasi. Ikibaki ya 8, "podarkes dios Achilleus", mtukufu mwenye mbio. Mgeukie shujaa mwingine, Odysseus: "dios Odysseus", silabi 5; "polymetis Odysseus", mwenye hila nyingi, 7; "polytlas dios Odysseus", mvumilivu mtukufu, 8. Mashujaa wawili, vipimo vile vile.

Ni kama fundi mwashi anayekaribia kona ya ukuta. Pembeni ana tofali zima, nusu na robo, zote zimekwisha kukatwa, naye hutwaa ile inayojaza pengo lililobaki. Mara nyingi, basi, sifa huchaguliwa na nafasi katika mshororo, wala haitazami shujaa anafanya nini wakati huo. Na hazina hiyo ni kubwa mno kuwa kazi ya kichwa kimoja. Ilikusanywa na vizazi vya waimbaji ambao hawakuweza kusimama katikati ya mshororo, watu wakisikiliza, ili kutafuta neno.

Aliyeonyesha mfumo huu kwa kina ni Milman Parry, mtaalamu wa Homer kutoka Marekani, katika tasnifu zake za Paris za mwaka 1928. Kati ya 1933 na 1935 alikwenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji hai waliotumia gusle, chombo cha uzi mmoja, naye akawarekodi kwenye sahani za alumini. Msaidizi wake alikuwa Albert Lord, aliyeendeleza kazi hiyo baada ya Parry kufariki mwaka 1935.

Huko ndiko dhana nyingine ilikoanguka, na ndiyo iliyoota mizizi zaidi: kwamba mwimbaji wa utendi mrefu ameuhifadhi kichwani neno kwa neno. Waimbaji wenyewe walisema hivyo. Mmoja alisisitiza kwamba wimbo wake haubadiliki hata neno, lakini rekodi zake zilitofautiana. Kwake, "vile vile" ilimaanisha kisa kile kile. Kisha Parry akafanya jaribio ambalo kila nikilisoma hunishangaza upya. Alimkalisha Avdo Međedović, mwimbaji wa Bijelo Polje asiyejua kusoma, amsikilize mwenzake akiimba wimbo ambao Avdo hakuwahi kuusikia. Ulikuwa na mishororo 2,294. Ulipokwisha, Avdo akaombwa auimbe yeye. Wake ulifika mishororo 6,313, kisa kikiwa kile kile, lakini silaha, farasi na mawazo ya wahusika vimeongezwa. Kumbukumbu peke yake haiwezi kuzaa mishororo 4,000 ya ziada. Avdo alikuwa akitunga palepale.

Hata hivyo, urudiaji si ushahidi kwamba kazi ilitungwa kwa mdomo. Mwaka 1953 Francis Magoun aliipeleka nadharia hii kwa Beowulf na mashairi mengine ya Kiingereza cha kale. Mwaka 1966 Larry Benson akajibu kwamba mafungu ya maneno ya aina hiyo hiyo yamejaa hata katika mashairi yaliyotafsiriwa kutoka vitabu vya Kilatini. Pwani yetu inamuunga mkono: tenzi nyingi huanza kwa mshairi kuagiza wino na karatasi, lakini ndani yake mna sifa za Mwenyezi Mungu na za Mtume zilizokwisha kupimwa kwa mizani.

Kwa hiyo kuligawa shindano kuwa "kale" dhidi ya "zama za kati" kunanitia shaka. Virgil, mshairi wa Kirumi, ni wa kale, lakini aliandika utendi wake, Eneidi, polepole kwa miaka mingi. Shujaa wake Aeneas akiitwa mcha Mungu, tuna haki ya kuuliza kwa nini hapa na si pale. Utenzi wa Roland, wa Ufaransa ya mwaka 1100 hivi, ni wa zama za kati, lakini urudiaji wake unafanya kazi ambayo sijaiona kwa Homer. Kabla ya vita vya Roncevaux, Roland anaongoza kikosi kinacholinda nyuma ya jeshi, na rafiki yake Oliver anamsihi apulize pembe ili mfalme wao, Charlemagne, arudi. Roland anakataa. Ubeti unaofuata unabadilisha vina, na Oliver anamsihi tena kwa maneno yanayokaribiana, Roland anakataa. Kisha mara ya tatu. Hadithi haijasogea hatua, ila kila kukataa kunazidi kuwafunga wale wanajeshi wa nyuma, na urudiaji wa beti hizo tatu haukuwekwa kujaza nafasi tu.