Uzalendo wa mrengo wa kulia haukuanza na Hitler

Nafundisha falsafa ya siasa hapa Moshi na kila mwaka wanafunzi wanakuja wakiamini uzalendo wa mrengo wa kulia, yaani siasa za kuweka taifa lako juu ya mengine, ulizaliwa na Hitler. Hapana jamani, rudini nyuma sana.

Anzeni na Herder, mchungaji wa Kijerumani aliyefariki 1803, ambaye kiukweli ukimsoma unaweza ukampenda kabisa. Wasomi wa Ufaransa enzi zile walikuwa wanahubiri kwamba akili ya binadamu ni moja, kwa hiyo na ustaarabu ni mmoja (wa kwao, bila shaka), jamaa akagoma, akasema kila taifa lina lugha yake, nyimbo zake na furaha yake, huwezi kulipima kwa rula ya jirani. Utumwa na ukoloni alivipinga pia, hilo watu wanalirukaga.

Sasa shida inaanza 1806, Napoleon anaipiga Prussia, dola kubwa ya Wajerumani, mji wake mkuu Berlin unakaliwa na Wafaransa, na Fichte, mwanafalsafa wa Kijerumani, anasimama humohumo mjini kuhutubia taifa la Wajerumani. Hapo hoja imeshageuka: siyo tena kila taifa lina thamani yake, ni Wajerumani ndio watu wa asili, wengine wameshachanganyika. Ufaransa nao walipochapwa na Wajerumani 1870 hadi 1871 yakawatoka yaleyale, mwandishi Barrès akaja na hoja ya ardhi na wafu, yaani Mfaransa ni yule ambaye mababu zake wamelala pale, na mwenzake Maurras akataja kabisa maadui wa ndani: Wayahudi, wageni, Wamasoni (wale wa Freemason), Waprotestanti (ndio, Walutheri wenzangu, na nyie mmo). Carl Schmitt, mwanasheria wa Kijerumani, yeye alisema wazi tu kwamba siasa ni kujua nani rafiki nani adui, na 1933 akachukua kadi ya chama cha Wanazi.

Ila tawi moja la mawazo haya lilifika hapa mlimani Kilimanjaro na halikuwa na adui wa kumsaka. Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani wa Old Moshi, aliyeandika kitabu kinene cha sheria za Wachagga 1926, aliamini ukoo, ujirani na rika vimetoka kwa Mungu na kanisa lijengwe juu ya hivyo, ustaarabu wa mijini wa Ulaya akauona sumu. Mimi namheshimu, mila nyingi tunazisoma leo kwa sababu alizinakili. Lakini swali ninalowapa darasani ni hili, kijana wa Kichagga wa wakati ule aliyetaka huohuo mji na hela zake, nani alimuuliza?